Waya Wenye Pengo

Mimi ni mtu wa Singida. Nalisema mapema ili nisije nikaulizwa kwa nini sikulijua hili wala lile. Nilipangiwa kazi Kigoma, ustawi wa jamii, na kabla sijazoea harufu ya mawese jikoni kwa mwenye nyumba wangu pale Buzebazeba, watu wakaanza kuja.

Walitoka Burundi. Walishuka milima usiku na mchana mpaka Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na maji, hapana barabara, hapana pa kukaa watu wengi namna ile. Kutoka Kagunga meli iliwaleta mjini, wakapumzishwa kwenye uwanja wa mpira, kisha mabasi yakawapeleka kambini. Kule Kagunga kipindupindu kilikuwa kimeingia. Kila aliyeshuka melini alikuwa ameugua, au ameuguza, au ameacha mtu wake amezikwa kule. Jambo hilo tulilijua sote pale ofisini, tena vizuri, na ndiyo maana mpaka leo nashangaa jinsi tulivyokaa nalo kichwani bila kulitumia.

Kazi yetu ilikuwa watoto waliopotezana na wazazi. Mtoto ameponyoka mkono wakati wa kugombania boti, mwingine amepandishwa melini kwanza, mama yake akaachwa ufukweni. Watoto hao walikuwa wamewekwa na walezi katika nyumba moja Buzebazeba, mitaa miwili kutoka nilipopanga. Tuliwapiga picha, tukaziingiza kwenye laptopu ya ofisi, na yeyote aliyetafuta mtoto alikuja chumbani kwetu, karibu na uwanja, kutazama.

Ofisi yenyewe ilikuwa na watu watatu. Mkuu wetu, mzaliwa wa Bukoba, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya mvua. Mama mmoja wa Ujiji, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, aliyejua Kiha na Kirundi na ambaye bila yeye sisi wawili tungekuwa mabubu. Na mimi, wa kuandika na wa kukasirika. Mama wa Ujiji alikuwa akinitania kwamba Singida hatujui kitu ila kuku.

Kati ya watoto wale alikuwapo msichana mdogo, wa miaka kama minne, mwenye sweta jekundu. Kigoma ina joto, lakini sweta hakulivua. Ukimgusa kishikizo alilia mpaka akakaukiwa na sauti. Jina lake hakulitaja, wala la mama yake. Alisema "mama" basi, kana kwamba dunia nzima ina mama mmoja. Jioni nikirudi nyumbani nilipita kuwasalimu walezi, naye alikuja kunishika kidole cha pete, akaizungusha pete mpaka achoke. Nilimpenda. Nilitaka mama yake apatikane kuliko nilivyotaka uhamisho, na uhamisho niliutaka kweli.

Mwanzoni watu walitazama picha kwenye laptopu yenyewe. Zilikuwa fujo. Watu kumi nyuma ya kiti changu, pumzi zao shingoni mwangu, huyu ananiambia rudi nyuma, yule anasema mbele. Lakini watoto walipatikana. Mtu alipiga kelele "Huyu! Huyu wangu!" na wote wakashangilia, mimi nikapigwa mgongoni na watu nisiowajua.

Mkuu hakuzipenda fujo zile. Siku moja akaja na monita kubwa aliyoiomba ofisi nyingine, akaiweka juu ya meza, akasema kuanzia sasa watu watakaa kwenye mabenchi, kwa ustaarabu, na picha zitapita zenyewe moja baada ya moja.

"Waya wake uko wapi, Mkuu?" nikamuuliza.

"Waya upi?"

"Wa kuunganisha na laptopu."

Akaigeuza monita, akaitazama mgongoni kwa muda mrefu. "Wamenipa hivi hivi," akasema.

Ndipo tabu ilipoanza. Laptopu yetu ilikuwa na matundu mawili ubavuni: moja la bluu lenye vitundu vidogo vidogo safu tatu, na jingine jembamba, bapa. Monita ilikuwa na matundu matatu: la bluu, jeupe pana, na jembamba bapa. Nikasema hakuna shida, bapa kwa bapa. Nikaenda Mwanga, sokoni, kwa kijana mmoja aliyeuza simu, rimoti na vingʼamuzi, nikamweleza.

"Sista, hiyo ni HDMI," akasema kabla sijamaliza. "Hizi ndizo za kisasa. Hayo mengine ya kizamani."

"Una uhakika?"

"Isipoingia nirudishie."

Upande wa laptopu ukaingia vizuri. Upande wa monita ukakataa. Tukaugeuza juu chini, ukakataa. Mkuu akavaa miwani, akagundua kwamba tundu la monita lina kona moja tu iliyokatwa, na kichwa cha waya kina kona mbili zilizobanwa. Vilifanana kama mapacha, na kama mapacha havikukubali kuvaa nguo moja. Nikamrudishia kijana. Akatazama picha niliyoipiga kwa simu, akakuna kichwa, akasema hilo tundu hajawahi kuliona, labda ni la kuchajia.

"Monita inachajiwa?" nikamuuliza.

"Siku hizi kila kitu kinachajiwa, sista."

Nikarudi nimefura. Kesho yake Mkuu akaazima kwa majirani waya wenye kichwa cheupe, kipana, unene wa kidole gumba. Ukaingia kwenye monita kama umezaliwa nayo. Kwenye laptopu haukuwa na pa kwenda. Mama wa Ujiji aliyekuwa ameshika ncha ile nyingine akatuuliza, kwa upole kabisa, aendelee kuishika mpaka saa ngapi. Tukaambiwa kuna vichwa vya kugeuzia, unachomeka huku cheupe, kule kinatoka cha bluu, ila kuna vyeupe vya aina mbili, na vingine vinageuza na vingine vinajifanya tu vinageuza. Nilimuuliza aliyetueleza nitatofautishaje. Akasema vinavyogeuza kweli vina vitundu vinne vya pembeni. Nikatazama cha kwetu nikaona vitundu sikujua vipi ni vya pembeni.

Nikarudi kwa kijana wa Mwanga, safari hii sikumsalimia vizuri. Nikamwambia nipe wa bluu, bluu kwa bluu, na usinieleze kitu. Akaingia chini ya meza, akatoka na waya uliokunjwa kwenye mfuko wa rambo, uliokwisha kutumika. Nikaukagua kama mtu anayenunua mbuzi. Ndani ya kichwa kulikuwa na meno membamba ya chuma, na safu hazikutimia.

"Huu una pengo," nikamwambia.

"Zote zina pengo."

"Unanidanganya."

Akachomoa waya wa bluu kwenye kompyuta yake mwenyewe, akanionyesha. Kweli, katika safu ya kati palikuwa na jino halipo. "Zinatengenezwa hivyo kiwandani," akasema, na kijana huyo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alisema kweli tupu. Nikaridhika. Pengo ni pengo, nani angekaa kuhesabu.

Tulipouchomeka, monita ikawaka. Mama wa Ujiji akapiga kigelegele kifupi, Mkuu akanipa mkono. Picha ya kwanza ikatokea, kubwa, safi, kila unywele unaonekana. Ila ilikuwa ya kijani.

Si kijani cha majani. Ukuta mweupe tuliowasimamishia watoto ulikuwa na rangi ya maji ya bahari, na nyuso zao zilikuwa na kijani kilichokolea, karibu na cheusi machoni na midomoni. Nguo za njano zikawa kijani. Sweta la yule mtoto wangu likawa jeusi.

"Mkuu, rangi."

"Naiona."

Nikabonyeza vitufe vya pembeni mwa monita nikitafuta rangi. Nikabonyeza kimoja, maandishi yakageuka ya lugha ambayo hatukuijua sote watatu, na tangu hapo kila nilichobonyeza nilibonyeza kwa imani. Picha ikasogea kushoto. Ikarudi. Kijani kikabaki.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," Mkuu akasema. "Sura ni sura. Mzazi atashindwa kumjua mwanawe kwa sababu ya rangi?"

Mimi nami niliona ana haki. Mbuzi wangu wa Singida ningewajua hata gizani. Na baada ya siku moja ya kukaa mbele ya kijani kile, macho yakazoea, nikaacha kukiona.

Nyaya zilininginia mezani vibaya, na Mkuu hakutaka kuziona. Mama wa Ujiji akaleta kutoka kwake kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, chenye ncha za maua, kama anavyotandika kila mtu juu ya runinga yake sebuleni. Akakitandika juu ya monita kikaanguka pande zote mbili, akafunika nyaya. Mbele yake akaweka glasi yenye maji kidogo, isipinduke, na maua ya plastiki, mekundu na meupe. Akarudi nyuma kutazama, akaridhika. Nami niliona pamependeza. Ofisi ilikuwa na sura ya nyumbani kwa mtu.

Watu wakaja, wakakaa mabenchini. Na wakanyamaza.

Sijapata kuona utulivu ule. Watu waliokuwa wakinisukuma kiti sasa walikaa mikono mapajani. Wanaume walivua kofia. Wanawake walishika mashavu. Picha zilipita, nao wakazifuata kwa macho, na mzunguko ulipokwisha walinyanyuka, wakasema "Murakoze," asante, wakaondoka taratibu. Wengine walimshika Mama wa Ujiji mkono kwa mikono miwili. Mzee mmoja aliiinamia glasi ya maua.

"Unaona?" Mkuu akaniambia. "Ustaarabu. Ni mpangilio tu."

Lakini hakuna aliyesema huyu wangu. Siku ya kwanza hakuna, ya pili hakuna. Mabasi yaliondoka na watu kwenda kambini, meli ikaleta wengine, hao nao wakakaa, wakavua kofia, wakashukuru, wakaenda zao. Kule Buzebazeba watoto wakazidi kuwa wengi na hakuna anayepungua.

Nikachanganyikiwa. Mkuu akachanganyikiwa kwa namna yake, ya kuandika vipimo. Akasema labda picha zinapita upesi mno. Tukazipunguza mwendo. Labda mwanga wa jua unaingia. Tukafunga pazia. Mama wa Ujiji akasema labda wazazi wa watoto hawa bado wako Kagunga. Nikasema wote? Akasema, "Mwanangu, kimya kingi kina mshindo. Hawa wana neno." Nikamwomba awaulize. Akawauliza kwa Kirundi kama wamemwona mtoto wanayemjua, nao wakamjibu kwa adabu, wakitazama chini. Akanigeukia na kusema: "Wanasema ndiyo, wamewaona. Wanasema Mungu awalipe kwa kuwatunza."

"Sasa kama wamewaona mbona hawawachukui?"

"Hilo nimewauliza."

"Wakasemaje?"

"Wamenitazama tu."

Nikaukasirikia waya. Kila kitu kisichoeleweka katika chumba kile nilikitupia waya. Nilisema picha haina ubora, bluu ni ya kizamani, ndiyo maana watu hawana hakika na sura. Nikamtuma ndugu wa mwenye nyumba wangu aliyekuwa anakwenda Tabora aniletee waya wenye ile kona moja iliyokatwa. Akanipigia simu kutoka dukani kwamba zipo za kona moja pande zote mbili, na za kona moja upande huu na kona mbili upande ule, nichague. Nikamwambia ya pili. Akauliza kona mbili ziwe kwenye laptopu au kwenye monita. Nikamwambia kwani waya haugeuki? Akasema muuzaji anasema haugeuki, picha inakwenda upande mmoja tu, kama maji ya bomba. Nikakata simu, nikakaa, nikaona nalia.

Asubuhi moja akaja mwanamke peke yake. Umri wake ulikuwa kama wangu. Alikuwa amekonda kwa namna ya mtu aliyetoka kitandani, kitenge kimemzunguka mara mbili. Alisema Kiswahili, cha watu wa ufukweni upande wao. Nikamkaribisha, akakaa benchi la mbele.

Picha zikapita. Ilipofika ya yule mtoto wangu, tuliyempiga picha akiwa amelala maana akiwa macho hakukubali kusimama ukutani, mwanamke yule akainuka. Akaweka kiganja mdomoni. Picha ikapita, akaendelea kusimama, akasubiri mzunguko mzima mpaka ikarudi, akaitazama tena. Kisha akakaa.

Nikamkaribia. "Dada, unamfahamu?"

"Namufahamu."

"Ni nani wako?"

"Umwana wanje," akasema. Mwanangu.

Nikamshika mabega kwa furaha. Nikamwambia subiri hapa hapa, namwita Mkuu, kuna maswali kidogo ya kukuuliza kisha tunakwenda. Nikakimbia nyuma. Niliporudi na Mkuu benchi lilikuwa tupu. Tukatoka nje, tukatazama kulia na kushoto, tukauliza uwanjani. Hayupo. Nikamwambia Mama wa Ujiji mwanamke huyo ana wazimu. Kisha nikasema labda si mama yake, labda ni mwizi wa watoto akaogopa maswali. Jioni ile nilipita Buzebazeba, mtoto akashika pete, mimi nikamwambia mama yako nimemwona, ametutoroka. Nilimwambia kwa hasira, namna unavyomsemea mtu mzima.

Kesho yake asubuhi mwanamke akarudi. Alikuwa ameoga, amefunga kitambaa kichwani. Mkononi alikuwa na msalaba mdogo wa matete mawili, yamefungwa katikati kwa uzi wa nyavu. Hakukaa. Alisimama mbele yangu, akapiga goti kidogo kwa heshima, akasema:

"Mama, nisamehe jana nilienda bila kuaga. Nilikuwa nimekosa nguvu. Sasa nakuomba unionyeshe pahali mulimuzika."

Nikamwambia, "Nani?"

Akanyoosha mkono, si kwa kidole kimoja, kwa kiganja chote. Akaonyesha monita. Pale juu ya kitambaa cheupe, nyuma ya maua, palikuwa na uso wa mtoto mwingine kabisa, wa kijani, macho yamefumba.

"Yule mwenye amelala," akasema. "Na hawa wote. Mulibazika pahali pamoja?"

Mimi sikuelewa. Nasema kweli, hata hapo sikuelewa. Nilisimama nikimtazama mdomo. Aliyeelewa ni Mama wa Ujiji. Alitoa sauti ambayo sijapata kuisikia tena, akaenda kwenye meza, akakivuta kile kitambaa, glasi ikaanguka ikavunjika. "Ya Rabi," akasema. "Ya Rabi, tumewawekea matanga."

Ndipo nilipoona. Niliona kitambaa, maua, pazia lililofungwa, kofia zilizovuliwa. Niliona watoto wadogo tuliowapiga picha wamelala kwa sababu walilia wakiwa macho. Niliona kijani. Watu wametoka Kagunga kwenye kipindupindu, wamekaa mabenchini kwetu, tumewaonyesha watoto wao wana rangi ya maiti, nao wametushukuru kwa kuwasitiri.

"Hajafa," nikamwambia. "Dada, mtoto wako hajafa. Hakuna aliyekufa hapo."

Akanitazama kwa huruma. Nafikiri alidhani mimi ndiye nimechanganyikiwa. "Usinifariji, mama," akasema. "Nilimuacha na jirani melini, mimi nikabaki Kagunga nikiwa naumwa. Jirani nilimukuta uwanjani, akaniambia alimupoteza. Nimejua kutoka siku ile."

Nikaikamata laptopu, nikaigeuza kwake. Kwenye kioo kidogo picha ile ile ilikuwa imefika: mtoto wa kahawia, mashavu yamevimba kwa usingizi, sweta jekundu kama bendera. Juu yake, kwenye monita, alikuwa yeye yule, wa kijani, sweta jeusi. Mwanamke akatazama chini, akatazama juu. Akarudia.

"Wako wawili," akasema. "Ni nani wa kweli?"

"Huyu. Wa chini."

"Na wa juu?"

"Wa juu ni waya!" nikapaza sauti. "Ni waya tu, dada, waya mbovu!" Nikauchomoa kwa nguvu monita ikazimika. Nikamwonyesha kile kichwa cha bluu, kana kwamba ungeweza kumweleza kitu. Akautazama waya ule, akanitazama mimi. Nimefikiri sana juu ya namna alivyonitazama. Ningekuwa mimi, nami nisingeamini kwamba mtoto anaweza kufa na kufufuka kwa kitu kile.

Baadaye niliuhesabu. Mapengo yalikuwa mawili: lile la kiwandani katika safu ya kati, na jingine pembeni, safu ya juu, jino lililong'oka kwa mtu mwingine kabla yetu. Jino hilo moja ndilo hupitisha nyekundu. Kijana wa Mwanga aliponionyesha pengo la kweli, lile la pili likajificha nyuma yake. Nami sijui hata leo kwa nini mtu atengeneze waya ambao mzima wake na mbovu wake wote wana pengo.

Mkuu alikuwa amesimama kando ya meza na kalamu mkononi. Kisha akamwita dereva, akapanda gari kufuata mabasi kambini, na kipaza sauti, kwenda kuwatangazia watu kwamba wale watoto wazima wote. Suruali yake ilikuwa na maji ya glasi mpaka gotini na hakuifuta. Mama wa Ujiji akaenda uwanjani, hema kwa hema, anaita kwa Kirundi.

Mimi nikaondoka na mwanamke yule kwenda Buzebazeba. Sikuwa na nauli ya kutosha ya bodaboda mbili, na moja hakuitaka, aliogopa kukaa karibu na mtu. Tukatembea. Njia nzima alikuwa nyuma yangu, hakuwa pembeni yangu. Niligeuka mara nyingi kuhakikisha yupo. Msalaba alikuwa nao mkononi, ameushikilia wima, jinsi unavyoshikwa mbele ya jeneza, na watu tuliokutana nao njiani walitupisha. Wengine walimpa pole. Naye aliwaitikia.

Nilitamani kumwambia autupe. Sikuthubutu. Kwanza ni msalaba, hautupwi. Pili, nilianza kuogopa. Nilikuwa sijamwona mtoto tangu jana jioni. Nikaanza kujiuliza kama jana alikuwa mzima kweli, au ni macho yangu yaliyozoea. Ukichanganywa vya kutosha hutaki kuapa hata kwa ulichokishika. Nikaongeza mwendo.

Walezi walikuwa wanaosha vyombo uani. Nikauliza yuko wapi wa sweta. Wakasema amelala, usiku alikohoa.

Chumba kilikuwa na mikeka, na watoto wengine walikuwa wametoka kucheza. Alikuwa peke yake kwenye mkeka wa mwisho, ubavu ubavu, uso umeelekea ukutani. Tuliona mgongo tu, na sweta, na nyayo mbili. Mwanamke akasimama kizingitini. Nikamwambia ingia. Hakuingia. Nikamwambia ndiye huyo, nenda ukamshike. Hakusogea. Alikuwa anautazama mgongo ule jinsi alivyoitazama monita, anasubiri mzunguko urudi. Nami nikawa nautazama, natafuta pumzi, na kwa unene wa lile sweta sikuiona.

Sijui tulikaa pale kiasi gani. Kisha mtoto akainua mguu mmoja, na kwa kidole cha mguu akajikuna mguu wa pili, taratibu, kama mtu aliyeumwa na mbu.

Mwanamke akaurudisha mkono nyuma ya mgongo wake haraka, mtoto asije akageuka akaona. Akautafuta mkono wangu bila kunitazama, akanikabidhi msalaba, ndipo akaingia. Mimi nikabaki mlangoni nimeushika, nikisikia kilio cha watu wawili, na sikujua niuweke wapi.